Bandari ya Lamu na wavuvi wa Manda: deni lililoitwa hisani

Niseme mapema kabisa, mimi sina shida na bandari. Nani wa pwani atachukia bandari jamani, Lamu yenyewe imejengwa na bandari, majahazi yalikuwa yanashuka na kaskazi kutoka Uarabuni yanarudi na kusi yamejaa boriti, na huo mji wa mawe ambao UNESCO waliuandika kwenye urithi wa dunia mwaka 2001 ulitokana na hiyo biashara. Kwa hivyo mtu asije akanambia huyu ni mpinga maendeleo. Ninachotaka kuchambua ni kitu kimoja tu ambacho naona kinachanganywa kila mradi mkubwa ukija kwetu, kwamba mtu anakuharibia chako, halafu anakuletea zawadi, na wewe unaambiwa ushukuru kwa zawadi huku deni limelala.

Kisa chenyewe tukianze mwanzo. Tarehe 2 Machi 2012 marais wawili na waziri mkuu mmoja walifika Lamu, Mwai Kibaki wa Kenya, Salva Kiir wa Sudan Kusini na Meles Zenawi wa Ethiopia, wakazindua mradi wa LAPSSET, yaani ule ukanda wa usafiri wa kuiunganisha Lamu na Sudan Kusini na Ethiopia. Bandari mpya ya magati 32 kwenye ghuba ya Manda upande wa bara, barabara, reli, bomba la mafuta, uwanja wa ndege, mpaka miji ya kitalii. Magati matatu ya kwanza serikali ya Kenya ikasema itajenga kwa pesa zake, na tenda ikaenda kwa kampuni ya Kichina ya CCCC kwa takriban dola milioni 480. Gati moja lina urefu wa mita 400, na mlango wa meli unachimbwa mpaka kina cha mita 17.5 ili yale mameli makubwa yenyewe yaingie bila wasiwasi.

Sasa hapo kwenye kuchimba ndipo hadithi yetu ilipo, manake watu wengi wa bara wakisikia "ujenzi wa bandari" wanafikiria saruji na kreni. Kazi kubwa ya mwanzo ni dreja. Dreja linateremsha mdomo chini linachota mchanga na tope na chochote kilichokaa juu yake, maji yanageuka rangi ya chai ya maziwa, lile tope linasafiri na mkondo linakwenda kutua pengine, juu ya matumbawe, juu ya yale majani ya bahari ambayo samaki wadogo wanakulia ndani yake. Na Lamu ndiyo yenye zaidi ya nusu ya mikoko yote ya Kenya, yaani hii ghuba ni kama wodi ya wazazi ya samaki wa kaskazini mwa pwani.

Halafu kuna jambo la msimu. Kusi ikishika, kuanzia Aprili mpaka huko Septemba, bahari kuu inachafuka kweli kweli, mtu mwenye dau au mtumbwi hawezi kutoka nje ya miamba, akitoka ni kama anaenda kujitafutia janaza. Kwa hivyo miezi hiyo wavuvi wadogo wanavua ndani, kwenye ghuba, penye kinga. Ukiifunga ghuba au ukiichafua, huyu mtu hukumwambia "nenda ukavue pengine", umemwambia akae nyumbani nusu mwaka. Pengine kwenyewe kunataka boti kubwa, injini, petroli, barafu, na mtu anayeijua bahari ya nje. Hili jambo ukisoma makaratasi ya miradi halionekani, kunaandikwa tu "wavuvi watatafuta maeneo mbadala", sentensi fupi hivi, na nyuma ya hiyo sentensi kuna maelfu ya nyumba.

Nilikaa siku moja Mokowe na mzee mmoja anashona jarife lake, sindano ya mti mkononi, nyuzi za nailoni ameshikilia kwa kidole gumba cha mguu, anavuta anafunga anavuta anafunga, hata haangalii. Nikamuuliza habari za fidia. Hakunijibu fidia. Alinionyesha kwa mkono, akanambia pale ukisimama na chombo, ule mti mrefu wa bara ukiingiana na ncha ya kisiwa, na nyuma yako kile kichaka kikikaa sawa na lile jiwe, basi uko juu ya mwamba wa changu, babake alimwonyesha na babake huyo alionyeshwa vilevile. Akanitajia sehemu kama tano hivi, kila moja na mti wake na ncha yake na mwezi wake. Kisha akasema, "Mti ulikatwa, na pale chini pamechimbwa, sasa hiyo nimuonyeshe mwanangu nini?"

Mimi nilirudi nikawaza, hiyo ndiyo hati ya mzee. Hati ya bahari haiko kwenye ofisi ya ardhi, iko kichwani na inapimwa kwa miti. Na tatizo lote la kisa hiki liko hapo, kwamba kitu kisicho na karatasi serikali haikioni kama mali.

Angalia tofauti. Wenye mashamba Kililana, ambako bandari imekaa, nao walihangaika na siasa zilikuwa nyingi, lakini mwaka 2015 walianza kulipwa, shilingi milioni 1.5 kwa ekari. Shamba lina mipaka, lina nambari, mtathmini anakuja na kamba anapima, mnabishana bei, mnamaliza. Mvuvi je? Yeye aliingia kwenye mafungu mengine kabisa, mafungu ya "jamii inayozunguka mradi". Na ukishaitwa jamii inayozunguka mradi umeshapoteza nusu ya haki yako, kwa sababu jamii inayozunguka mradi haidai, inasaidiwa. Inapewa CSR, yaani misaada ya hisani ya mwenye mradi kwa jamii.

Na kweli vilikuja vitu. Kulikuwa na mpango wa kuwafadhili vijana 1,000 wa Lamu wakasomee kazi za bandari, na mimi sitaudharau huo mpango, kijana wa Faza au Kizingitini aliyepata skolashipu akasomea umeme au uendeshaji wa mitambo huyo amepata, na mzazi wake amefurahi, na ana haki ya kufurahi. Lakini tuulizane pole pole. Yule kijana aliyepata skolashipu na yule mzee aliyepoteza mwamba wa changu ni watu wawili. Saa nyingine hata sio wa nyumba moja. Huwezi kumvunjia Ali mguu ukamsomesha Omari halafu ukasema tumemalizana na mtaa.

Wavuvi hawakukubali. Mwaka huohuo wa 2012 kesi ilifunguliwa Mahakama Kuu, inajulikana kama kesi ya Mohamed Ali Baadi na wenzake dhidi ya Mwanasheria Mkuu na wengine kadhaa, ndani yake kulikuwa na mamlaka ya bandari KPA, mamlaka ya mazingira NEMA na wizara. Walichosema kwa ufupi ni kwamba hatukuulizwa, hatukupewa habari, mazingira yetu yanaharibiwa, utamaduni wetu unaharibiwa, na riziki yetu inachukuliwa bila kulipwa. Kesi ilichukua miaka sita. Miaka sita! Na wakati huo wote dreja halikungojea hukumu.

Mwisho wa Aprili 2018 Mahakama Kuu Malindi ikatoa uamuzi, na huo uamuzi mimi naona kila mtu anayefanya kazi kwenye hii miradi angeusoma angalau mara moja. Mahakama ilisema haki za wavuvi zilivunjwa, haki ya mazingira safi, haki ya utamaduni, haki ya kupata habari, watu hawakushirikishwa ipasavyo, tathmini ya kimkakati ya mazingira ya mradi mzima ilitakiwa itangulie na haikutangulia, hata serikali ya kaunti haikushirikishwa inavyotakiwa. Na kubwa kwangu mimi ni hili, kwamba haki ya asili ya kuvua ni haki inayotakiwa kulipiwa fidia, ya haraka, kamili na ya haki, kama mali nyingine. Ikaamuru wavuvi wapatao 4,600 walipwe shilingi 1,760,424,000. NEMA ikaambiwa iirudie leseni ya mradi, na uandaliwe mpango wa kuulinda mji wa kale wa Lamu.

Yaani ile hati ya mzee ya miti na ncha za visiwa, mahakama ikaisoma.

Tupige hesabu kidogo hapa kwa sababu bilioni inatisha watu, wanaona wavuvi wametajirika. Gawa 1,760,424,000 kwa watu 4,600, unapata kama shilingi 382,000 na kitu kwa kila mmoja, tuseme mgao wa sawa. Ukiigawa kwa miaka tisa, kutoka 2012 mradi ulipozinduliwa mpaka 2021 gati la kwanza lilipofunguliwa, ni kama shilingi 116 kwa siku. Mia na kumi na sita. Hiyo ni kwa miaka tisa hiyo tu, hujahesabu miaka ya mbele ambayo ghuba hairudi ilivyokuwa. Halafu linganisha na dola milioni 480 za magati matatu, kwa dola ya shilingi 100 ya wakati ule ni bilioni 48, kwa hivyo fidia ya wavuvi wote haifiki hata asilimia 4. Mradi usioweza kubeba asilimia 4 kwa ajili ya watu uliowakuta hapo, hiyo bajeti tangu mwanzo iliandikwa na mtu aliyeamua hao watu hawapo.

Na hapa ndipo mimi naona kosa lenyewe lilipo, tukiacha hasira. Fidia ya wavuvi ilitakiwa iwe ndani ya gharama za mradi siku ya kwanza, palepale pamoja na saruji na mafuta ya dreja. Kontrakta akiambiwa lete nondo analipwa nondo, hakuna anayesema nondo tutaangalia baadaye tukipata faida. Lakini riziki ya mvuvi ikaachwa nje ya bajeti, na kitu kikishaachwa nje ya bajeti kinarudi kwa mlango wa hisani, kinakuwa cha ofisi ya mawasiliano badala ya ofisi ya fedha, kinapigwa picha, kinakatiwa utepe. Siku ya kukatwa matumizi ndicho cha kwanza kukatwa, maana hisani haina siku ya kulipa na haina mtu wa kuidai.

Mtu atasema hayo ni mambo ya kinadharia. Sio. Shirika la IFC la Benki ya Dunia lina viwango vyake, kile cha 5 kinasema wazi kwamba mtu akipoteza njia yake ya riziki kwa sababu ya mradi, hata kama nyumba yake haijaguswa, hata kama hana karatasi ya kisheria, huyo amehamishwa kiuchumi na anatakiwa arudishiwe riziki ifike pale ilipokuwa au izidi. Magati haya yalijengwa kwa pesa za serikali yenyewe kwa hivyo hakuna mkopeshaji wa nje aliyekuwa amesimama mlangoni anauliza hayo maswali, lakini kipimo kilikuwepo, kinajulikana, na wataalamu wetu wanakifundisha vyuoni. Kukosa mkopeshaji wa kukuchunga hakupunguzi deni lako kwa mtu wako.

Na hili sio la Lamu peke yake. Nenda Marsabit, Loiyangalani, kwenye ule mradi wa upepo wa Ziwa Turkana, mitambo 365, megawati 310, ardhi ekari 150,000. Kampuni pale ina wakfu wake kabisa wa kusaidia jamii, imeshughulikia maji, shule, zahanati, na barabara ya zaidi ya kilomita 200 ilitengenezwa kwa ajili ya mradi, watu wa kule wanajua barabara maana yake nini. Lakini Oktoba 2021 Mahakama ya Mazingira na Ardhi ya Meru ikasema hati za ile ardhi zilipatikana bila kufuata utaratibu. Kisima ni kizuri, maji ni maji, ila hakuna kisima kinachojibu swali la malisho haya ni ya nani na ni nani alisaini.

Turudi Lamu. Baada ya hukumu ya 2018 KPA ikakata rufaa, kisha pande zikakaa chini, wakakubaliana njia ya kulipa, asilimia 65 pesa taslimu, asilimia 35 kwa vifaa na miradi ya uvuvi, boti, zana, mambo kama hayo. Na tarehe 20 Mei 2021 Rais Uhuru Kenyatta akafungua gati la kwanza, meli zikafunga, bendera, ngoma. Pesa za wavuvi siku hiyo zilikuwa bado hazijalipwa.

Hii 65 kwa 35 nataka nikae nayo kidogo kwa sababu wengi wanaipita. Kwa mtazamo wa juu inaonekana ni busara, pesa zikija zote kwa mkupuo zitaisha kwa pikipiki na harusi, bora wapewe boti. Nimesikia watu wa ofisini wakisema hivi, na wengine wana nia njema. Lakini angalia kinachotokea kwenye hiyo 35. Mvuvi mmoja alikuwa na dau lake, anaamua mwenyewe atoke saa ngapi, avue na nani, auze kwa nani. Sasa analetewa boti kubwa ya kikundi, inasajiliwa kwa jina la BMU, kile kikundi cha kusimamia ufuo, au ushirika, inataka injini, injini inataka petroli, petroli inataka pesa ambayo hana, inataka fundi na spea kutoka Mombasa. Nani nahodha? Nani anaweka ufunguo nyumbani kwake? Boti ya watu arobaini ikiharibika propela hainunuliwi propela, inakaa ufukweni inaota magome. Mali yake binafsi imegeuzwa kuwa mradi wa kikundi, na aliyechagua aina ya boti ni mtu mwingine. Hapo fidia imeanza tena kufanana na hisani, umeona? Mwenye deni anamchagulia anayedai atalipwa nini. Wewe ukimkopesha mtu pesa akurudishie kwa fanicha aliyoipenda yeye, utakubali?

Sisemi vifaa ni vibaya. Kama wavuvi wenyewe, wale wa madau, wa malema, wa majarife, wapiga mbizi wa kamba mawe, kila kundi limekaa likasema sisi tunataka hiki na hiki, na wakapewa bei ya kila kitu waone na pesa yake ni ngapi, basi hiyo ni hiari yao. Mtambo wa barafu pale Kizingitini kwa mfano unaweza kumsaidia mvuvi kuliko pesa, manake samaki bila barafu bei anakupangia tajiri wa gari. Ilimradi wao ndio wachague.

Lingine ni orodha. 4,600 ni akina nani? Orodha ya wavuvi ikitengenezwa inaanzia kwa mwenye leseni na mwenye chombo, na hapo tayari umeacha watu. Mama karanga umemuandika? Yule anayeshuka ufukweni alfajiri na karai lake, anachukua samaki wa shilingi mia mbili tatu kwa mali kauli, anawakaanga kwa kuni za mkoko, jioni amekaa barazani na taa yake anauza, akirudi amelipa na watoto wamekula. Samaki wakiadimika mvuvi atakosa, lakini yeye anakosa mara ya kwanza kabisa, kwa sababu wachache waliopatikana wanakwenda hotelini na kwa matajiri. Wale wanaookota kaa kwenye mikoko, na fundi wa madau ambaye hakuna tena anayeagiza dau, hao wote ni riziki ya ile ghuba. Sijaona fidia ya mvuvi popote iliyowahesabu sawasawa, na hili nalilaumu hata kwetu sisi wenyewe pwani, tukiitisha kikao cha uvuvi tunaita wanaume.

Na watu wa Lamu wamejifunza, hilo nalo lisemwe. Mradi wa makaa ya mawe ulipokuja Kwasasi, mtambo wa megawati 1,050, nao ulikuja na ahadi za kazi na za kusaidia jamii kama kawaida. Safari hii watu hawakungoja kuharibiwa ndipo wadai. Walikwenda kwenye baraza la rufaa la mazingira, na tarehe 26 Juni 2019 leseni ikafutwa, sababu kubwa ikiwa umma haukushirikishwa inavyotakiwa. Kesi ya bandari iliwafundisha kwamba ukingoja mpaka dreja limeshaanza, hata ukishinda mahakamani samaki hawarudishwi na hukumu.

Sasa magati yaliyopangwa ni 32 na haya ni matatu. Yamebaki 29. Dreja likirudi, kabla halijateremsha mdomo, mimi ningetaka kuona mtu wa mradi amekaa kwenye chombo cha mzee yule, na kalamu, anaandika mti upi na ncha ipi na mwezi gani, na pembeni yake mama karanga anaulizwa kwa wiki anakaanga kilo ngapi, na hizo namba ziingie kwenye bajeti ileile yenye saruji, zilipwe kwanza. Skolashipu zije baadaye, na zikija tutazipokea kwa mikono miwili.